Kusoma faili nyingi za data katika R

Kusoma faili nyingi za data katika R ni utaratibu wa kuingiza faili zenye muundo mmoja katika programu ya takwimu ya R na kuziunganisha kuwa jedwali moja. R ni lugha ya programu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi. Toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000.

Sababu za kuutumia

Data nyingi hukusanywa vipande vipande: faili moja kwa kila mwezi, kila shule au kila kituo. Mfano ni GHCN-Daily, hazina ya vipimo vya hali ya hewa inayotunzwa na idara ya NOAA ya Marekani. Ina vituo zaidi ya 100,000 duniani, na kila kituo kina faili yake. Kufungua faili hizo moja moja na kunakili kwa mkono huchukua muda mwingi, na ni rahisi kuruka faili moja au kuinakili mara mbili.

Hatua

Utaratibu una hatua tatu: kuorodhesha faili, kusoma kila moja, kisha kuziunganisha. Katika mfano huu faili ziko ndani ya folda iitwayo "mvua":

orodha <- list.files("mvua", pattern = "\\.csv$", full.names = TRUE)
soma <- function(f) {
  d <- read.csv(f)
  d$faili <- basename(f)
  d
}
majedwali <- lapply(orodha, soma)
yote <- do.call(rbind, majedwali)

Amri list.files hutoa majina ya faili zinazoishia na ".csv". Alama ya dola mwishoni mwa "\\.csv$" huzuia nakala kama "kituo1.csv.bak" zisiingie. Faili iliyoandikwa "KITUO2.CSV" kwa herufi kubwa nayo huachwa, isipokuwa ikiongezwa ignore.case = TRUE.

Amri lapply husoma kila faili na kuweka majedwali yote katika orodha moja. Mwishoni do.call pamoja na rbind huyaunganisha kwa mara moja. Njia hii ni bora kuliko kuongeza jedwali moja moja ndani ya kitanzi, kwa sababu katika kitanzi R hunakili upya data yote iliyokwisha kusanywa kila faili mpya inapoongezwa.

Safuwima "faili" huonyesha kila mstari umetoka wapi. Bila hiyo, kosa likigunduliwa baadaye ni vigumu kujua faili ya kusahihisha.

Vifurushi vingine

Kifurushi cha data.table kina amri fread na rbindlist, ambazo ni za haraka kwa faili kubwa. Katika kifurushi cha readr, tangu toleo la 2.0.0, amri read_csv hupokea orodha nzima ya faili. Kifurushi cha dplyr kina bind_rows, ambayo huunganisha hata majedwali yenye safuwima tofauti na kujaza NA palipo na pengo.

Makosa yasiyoonekana

Programu inaweza kumaliza kazi bila kutoa onyo lolote, na matokeo yakawa na makosa. Yafuatayo hutokea mara nyingi:

- Alama ya pengo. Katika faili za GHCN-Daily za aina ya .dly, kila mstari una nafasi 31 za siku za mwezi, na siku isiyo na kipimo huandikwa -9999. Mvua hupimwa kwa sehemu za kumi za milimita. Hivyo pengo moja likihesabiwa kama kipimo, jumla ya mvua ya mwaka hupungua kwa karibu milimita 1000. Katika read.csv, alama ya namna hii hutajwa kwa na.strings = "-9999".
- Sifuri za mwanzo. Namba ya mtahiniwa "0012" husomwa kuwa 12. Dawa yake ni kutaja aina ya safuwima hiyo kwa colClasses.
- Neno kati ya namba. Faili moja ikiwa na neno "hakuna" katika safuwima ya namba, rbind hugeuza safuwima nzima kuwa maandishi, na wastani hauwezi kupatikana.
- Mpangilio. Faili hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo "mwezi10" hutangulia "mwezi2". Majina kama "mwezi02" huondoa tatizo hilo.

Uhakiki

Kabla ya kuanza hesabu, idadi ya faili hulinganishwa na ile iliyotarajiwa kwa length(orodha), mistari ya kila faili huhesabiwa kwa table(yote$faili), na aina za safuwima hutazamwa kwa str(yote). Kituo kilichoachwa au kilichoingia mara mbili huonekana hapo, kabla hakijaharibu wastani.