Balikuddembe: Mlei aliyemkemea Kabaka na kulipa kwa kichwa chake

WATU wanaofurika kila siku katika Soko la Owino, jijini Kampala, huenda wasilijue jina lake rasmi. Soko hilo ni la Mtakatifu Balikuddembe, kijana aliyeuawa eneo la Nakivubo, jirani na hapo, Novemba 15, 1885, akiwa na umri wa miaka 25 hivi.

Yosefu Mukasa Balikuddembe hakuwa padri wala mtawa. Aliingia katika jumba la Kabaka Mutesa I akiwa kijana mdogo, akapanda ngazi kwa uaminifu wake, na alibatizwa Aprili 30, 1882, na Padri Simeon Lourdel, Mfaransa ambaye Waganda walimwita Mapera.

Novemba mwaka huohuo wamisionari hao waliondoka Buganda wakihofia usalama wao, wakavuka Ziwa Victoria na kuweka makao Bukumbi, katika Mkoa wa sasa wa Mwanza. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri hata mmoja. Ni walei, Balikuddembe akiwa mstari wa mbele ikulu, waliowafundisha wenzao katekisimu, na waliporejea Julai 1885 mapadri walikuta waumini wameongezeka.

Wakati huo Mutesa alikwishafariki dunia, Oktoba 1884, na kiti kilikuwa cha mwanawe, Mwanga II. Mfalme huyo kijana alimpenda Balikuddembe na kumfanya msimamizi wa nyumba yake. Lakini habari za Wajerumani kujipenyeza pwani zilimtia hofu, kwani utabiri wa zamani ulidai kwamba watakaoiteka Buganda wangetokea mashariki.

Kwa bahati mbaya, ni njia hiyo ya mashariki aliyoifuata Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana, akitokea Mombasa. Aliuawa Busoga Oktoba 29, 1885, kwa amri ya Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Balikuddembe, Mkatoliki, alimwambia Kabaka waziwazi kwamba kumuua askofu huyo bila kumsikiliza ni kosa. Isitoshe, alikuwa akiwaficha vijana watumishi wa ikulu ambao Mwanga aliwataka kimwili. Katikiro, waziri mkuu aliyeuonea wivu ushawishi wake, hakukosa nafasi ya kuchochea.

Kisingizio kilipatikana haraka. Kabaka aliugua baada ya kumeza dawa aliyopewa na Padri Lourdel, na Balikuddembe akashutumiwa kuhusika na njama ya kumtilia sumu.

Masimulizi yanaeleza kuwa alikataa kufungwa kamba, akisema hakuwa na sababu ya kukimbia. Alimwachia mnyongaji ujumbe kwamba anamsamehe Mwanga, ila atubu. Amri ilikuwa achomwe moto akiwa hai. Mnyongaji, aliyemheshimu, alimkata kichwa kwanza.

Kama lengo lilikuwa kuwatisha wengine, halikufikiwa. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe ya kuwalinda vijana, alikwenda kwa mapadri kubatizwa. Yeye alichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886.

Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa wenyeheri mwaka 1920, naye Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Kati yao, Balikuddembe ndiye aliyetangulia kuuawa.