Passau hadi Vienna: Safari ya Familia kwa Baiskeli na Hema

Njia ya Baiskeli ya Danubi hufuata kingo za mto Danubi, wa pili kwa urefu barani Ulaya baada ya Volga. Kipande chake mashuhuri ni kile kinachotoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, mwendo wa takriban kilomita 320. Familia nyingi za Ulaya zilizopata kufunga hema na sufuria kwenye keria na kuondoka na watoto zilianzia hapa. Kipande hiki ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu inayoanzia pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi.

Husemwa mara nyingi kwamba safari hii ni nyepesi kwa kuwa mtu anashuka na mto. Hoja hiyo haina uzito. Kati ya miji hiyo miwili ardhi inashuka kama mita 130 tu, yaani chini ya nusu mita kwa kila kilomita, na mguu hauwezi kuuhisi mteremko wa namna hiyo. Kinachosaidia ni upepo, ambao aghalabu huvuma kutoka magharibi. Ndiyo sababu wenye watoto huanzia Passau na si Vienna. Kubwa zaidi ni namna njia yenyewe ilivyozaliwa.

Njia ya farasi

Kabla ya meli za mvuke, vyombo vilivyopanda mto vilikokotwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Kampuni ya meli za mvuke ya Danubi ilianzishwa Vienna mwaka 1829, na polepole farasi wakakosa kazi, lakini vijia vyao vikabaki. Katika karne ya 20 yakajengwa mabwawa ya umeme: tisa kati ya Passau na Vienna, na la kumi, Freudenau, ndani ya Vienna kwenyewe. Kila bwawa lilikuja na matuta ya kuzuia maji, na juu ya matuta au kando yake zikapita barabara za mafundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijia na barabara hizo vikaunganishwa kuwa njia ya watalii wa baiskeli. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ni tambarare, imesakafiwa kwa lami, na magari hayaruhusiwi. Mzazi anaweza kumwacha mtoto wa miaka 8 atangulie mita 100 mbele bila moyo kumdunda, na sidhani kama kuna sifa nyingine ya njia hii inayoizidi hiyo.

Mwendo wa mtoto

Mtu mzima mwenye mazoezi humaliza kwa siku 4 au 5. Familia hupanga siku 8 hadi 10, kilomita 30 hadi 50 kwa siku, na kipimo ni uwezo wa mtoto mdogo kuliko wote. Anayepanga ratiba kwa nguvu zake mwenyewe atajikuta siku ya tatu amesimama kando ya njia na mtoto anayelia, na hapo ramani haimsaidii.

Mtoto wa chini ya miaka 4 hukaa ndani ya tela la kitambaa lenye magurudumu mawili, alale au acheze. Wa miaka 8 au 9 huendesha yake. Tabu iko katikati: wa miaka 5 au 6 amekuwa mzito kwa tela, ila hawezi kukanyaga pedali siku nzima. Dawa yake ni chuma cha kuunganisha kinachofungwa nyuma ya baiskeli ya mzazi. Gurudumu la mbele la baiskeli ya mtoto huingizwa humo na kuinuliwa, libaki likining'inia, na mtoto husukuma pedali anapotaka tu. Njia ikiwa shwari hufunguliwa akaendesha mwenyewe. Akichoka, au wakifika penye magari, huunganishwa tena. Kazi yote hiyo haichukui dakika tano.

Sheria ya Austria inataka kila mtoto wa chini ya miaka 12 avae kofia ngumu, hata aliyeketi ndani ya tela. Tela la kubebea watoto linapaswa kuwa na bendera juu ya ufito unaopindika ili lionekane, na mtoto asiye na cheti cha baiskeli huandamana na mtu wa miaka 16 au zaidi.

Kitu kinachowachangamsha watoto kuliko makanisa yote ni vibao vya kilomita ukingoni. Danubi hupimwa kinyume: hesabu huanzia mdomoni, kwenye Bahari Nyeusi, ikipanda kuelekea chanzo. Passau iko karibu na kilomita 2,226, na daraja la Reichsbrücke mjini Vienna ni kilomita 1,929. Mtoto anayejifunza kutoa ana hesabu ya kufanya kutwa nzima, na haihitaji mwalimu.

Kuvuka na kulala

Madaraja ni machache, kwa hiyo pantoni ni sehemu ya safari. Kile cha kijiji cha Spitz ni kivuko kisicho na injini. Waya mnene wa chuma umevutwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa kwenye waya huo kwa kamba inayoteleza. Nahodha akigeuza usukani, chombo hukaa mshazari dhidi ya mkondo, na maji yenyewe hukisukuma hadi ng'ambo. Baiskeli huegemezwa ubavuni, breki za tela hukazwa, na kwa dakika chache hakuna sauti ila ya maji. Penye mabwawa, waendesha baiskeli mara nyingi huvukia juu ya ukuta wa bwawa.

Viwanja vya kambi viko vingi ukingoni, na baadhi vimetenga majani kwa ajili ya mahema ya wasio na gari. Hulipwa kwa kichwa na kwa hema, pamoja na ushuru mdogo wa mahali. Kulala popote porini kumebanwa na sheria za majimbo, hivyo ni heri kufika kiwanjani mapema, hasa Julai na Agosti, ambapo shule zimefungwa na ngurumo za alasiri ni za kawaida. Umande wa mtoni ni mzito; hema hukunjwa likiwa bichi na kuanikwa mchana penye jua. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Maduka makubwa hufungwa Jumapili, kwa hiyo chakula hununuliwa Jumamosi kabla ya jioni. Mtungi wa gesi ya jiko hauruhusiwi ndani ya ndege. Anayetoka mbali hununua huko huko.

Mto wenyewe si wa kupuuzwa. Juni 2013 maji yalifika mita 12.89 mjini Passau, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 500, na Septemba 2024 mafuriko yakalipiga jimbo la Austria ya Chini. Mvua kubwa ikinyesha, familia inapaswa kutazama vipimo vya maji vinavyotangazwa kila siku kabla ya kupiga hema kwenye uwanda wa chini.

Vya kuona

Chini kidogo ya Passau, huko Schlögen, mto unakata miamba ya itale na kujipinda hadi kurudi ulikotoka. Mbele, baada ya jiji la Linz, uko mji wa Mauthausen. Juu ya mji huo kulikuwa na kambi ya mateso ya Wanazi kuanzia 1938 hadi Mei 1945. Watu wapatao 190,000 walifungwa katika kambi hiyo na matawi yake, na wasiopungua 90,000 walikufa. Mahali hapo si pa watoto wadogo, na kilima ni kikali. Wenye vijana wakubwa, hata hivyo, wasipite chini wakakitazama tu.

Kutoka Melk, penye monasteri kubwa ya Wabenedikto, hadi Krems ni bonde la Wachau, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Mizabibu imepandwa kwenye ngazi za mawe, na Julai aprikoti huuzwa kando ya njia. Huko Willendorf mwaka 1908 ndipo kilipofukuliwa kisanamu cha mwanamke chenye urefu wa sentimita 11 hivi, cha zama za mawe. Huko Dürnstein mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alishikiliwa mwishoni mwa 1192, na magofu ya ngome bado yapo juu ya mji. Barabara za mawe za vijiji hivi hutikisa tela vibaya; aliye na mtoto aliyelala apite ukingo wa kulia, ulio mtulivu zaidi.

Safari huishia kwenye Donauinsel, kisiwa cha kilomita 21 kilichochimbwa na kujazwa kati ya 1972 na 1988 ili kuikinga Vienna na mafuriko. Kurudi Passau ni kwa treni, chini ya saa 3 kwa zile za mwendo kasi. Nafasi za baiskeli ni chache na hukatiwa tiketi mapema, na familia yenye tela hupendelea treni za mikoa, hata kama ni kwa kubadilisha Linz.