Plagi ya Cheche na Daraja Lake la Joto

Plagi ya cheche ni kifaa kinachofungwa kwenye kichwa cha injini ya petroli, ncha yake ikiingia ndani ya silinda, ili kuwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa ulioshindiliwa na pistoni. Koili hukuza umeme wa betri wa volti 12 hadi ukapita volti 10,000, na umeme huo ukifika kwenye ncha ya plagi huruka mwanya mdogo ulio kati ya elektrodi mbili. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutakiwa kuwasha mara 1,500 ndani ya dakika hiyo hiyo.

Gereji za Tanzania na Kenya huiita plagi tu, na fundi hahitaji maelezo zaidi. Kongo, ambako msamiati wa magari umepitia Kifaransa, husikika buji. Katika maandishi ni vizuri kuongeza "ya cheche", kwa sababu plagi ni pia kile kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani, na tena kuna hita plagi za injini za dizeli. Tofauti hiyo ya mwisho ina uzito kwa wenye pikapu, maana nyingi ni za dizeli. Dizeli hujiwasha kwa joto la hewa iliyoshindiliwa sana, haingoji cheche. Hita plagi hupasha tu chumba cha kuwakia ili injini iliyopoa iwake. Anayeagiza plagi za pikapu bila kutaja injini anaweza kuletewa kitu kisichoingia kabisa.

Kwa nje plagi ina ganda la chuma lenye hesi ya kufungia na pembe sita za kushikwa na spana. Ndani yake kuna kihami cheupe cha kauri ya alumina, na katikati ya kauri hupita elektrodi ya kati. Elektrodi ya pili, ya pembeni, imeunganishwa na ganda na kupinda juu ya ile ya kati. Nafasi iliyobaki baina yao huitwa mwanya, nayo hupimwa kwa sehemu za milimita. Plagi nyingi za leo zina pia rezista ndani, inayozuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari.

Jina "plagi ya cheche" linataja kazi moja, lakini kifaa kina kazi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayoamua plagi ipi inafaa injini ipi. Ncha hukaa katikati ya moto, hivyo joto inalopokea lazima litoke, likipita kwenye kauri, ganda na hesi hadi kwenye kichwa cha injini kinachopozwa kwa maji. Ncha ikibaki chini ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi, masizi hayaungui. Hujikusanya juu ya kauri na kuupa umeme njia ya mkato. Ikipita sana nyuzi 850, huanza kuwasha mafuta yenyewe kabla ya wakati, na injini iliyoachwa ikiendelea hivyo huweza kutobolewa pistoni.

Uwezo wa plagi wa kupitisha joto hilo unahitaji istilahi. "Kiwango cha joto" ndilo jina linalomjia mtu haraka, lakini linadanganya kidogo: humfanya msomaji adhani plagi ina joto lake maalumu, au kwamba cheche yake ni kali zaidi. "Daraja la joto" ni bora, kwa kuwa linaonyesha kwamba plagi zimepangwa kwa ngazi, kila moja na wepesi wake wa kutoa joto. Plagi ya moto ina pua ndefu ya kauri, hivyo joto husafiri mbali na ncha hubaki na moto mwingi. Plagi ya baridi ina pua fupi na hupoa upesi. Cheche zao hazina tofauti yoyote. Injini inayofanya kazi nzito muda mrefu huelekea kwenye plagi ya baridi. Ile ya safari fupifupi za mjini huichafua plagi ya namna hiyo kwa masizi.

Ngazi hizo huandikwa kwa namba, na hapa mnunuzi lazima awe macho. Kwa kampuni za NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume: namba kubwa ni plagi ya moto. Tena namba za kampuni moja si za nyingine. 6 ya NGK hulingana na 20 ya Denso. Kulinganisha kwa kukisia ni hatari, na jedwali la mtengenezaji lipo kwa ajili hiyo.

Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini ya 22R, ya lita 2.4, zinaonyesha jinsi alama zinavyosomwa. Plagi yake ya NGK ni BPR5EY. B ni hesi ya kipenyo cha milimita 14. P ni pua ya kauri iliyochomoza. R ni rezista. 5 ni daraja la joto. E ni urefu wa hesi, milimita 19. Y ni mfereji uliochongwa kwenye elektrodi ya kati. Mwanya wake ni milimita 0.8. Herufi ya urefu haipaswi kupuuzwa hata kidogo. Hesi fupi huficha ncha ndani ya tundu, na hesi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Kuhusu madini, plagi ya kawaida ina elektrodi ya nikeli yenye kiini cha shaba. Platinamu na iridiamu hudumu zaidi kwa kuwa haziliki upesi. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, nikeli kwenye 1,455. Kwa hiyo ncha ya iridiamu huweza kuwa nyembamba hadi milimita 0.4, na cheche huruka kwa volti pungufu. Kwa injini ya kabureta kama 22R, nikeli inatosha. Injini za Hilux za baadaye kama 2TR-FE, ambazo kila plagi ina koili yake, ni bora zibaki na aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Plagi hubadilishwa injini ikiwa imepoa, kwa sababu kichwa cha aluminiamu kikiwa na moto hesi zake huharibika kirahisi. Vumbi lililozunguka plagi hupulizwa kwanza kwa upepo wa kompresa, lisidondokee ndani ya silinda. Kofia ya waya huvutwa kwa kushikwa yenyewe, kamwe si kwa kuvuta waya. Kwenye injini yenye distributa ni busara kumaliza silinda moja kabla ya kugusa nyingine. 22R huwasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana gari litamisi au lisiwake.

Plagi iliyotoka huangaliwa uso kabla ya kutupwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta yamezidi hewa, na mara nyingi kichujio cha hewa kilichoziba ndicho chanzo. Weusi unaong'aa kwa oili hutokana na ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka, na hapo plagi mpya ni nafuu ya muda tu. Kauri nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi.

Plagi mpya hupimwa mwanya kwa fila, kipimo cha nafasi nyembamba. Ukihitaji kurekebishwa hupindwa elektrodi ya pembeni peke yake. Iridiamu nyembamba huvunjika ikiegemewa. Kisha plagi huanzishwa kwa mkono, au kwa kipande cha mpira wa bomba kilichovalishwa juu yake, ambacho huteleza chenyewe hesi zikipishana. Spana huja baadaye. Plagi mpya yenye washa (pete ya kubanwa) ikishashika kwa mkono, huongezwa kati ya nusu na theluthi mbili za mzunguko. Ile yenye kikalio cha koni isiyo na washa huhitaji sehemu moja ya kumi na sita tu. Grisi kwenye hesi haipendekezwi na NGK, kwa kuwa huteleza na kumfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua. Washa iliyokwisha kubanwa haibonyei tena kama mpya, hivyo plagi hiyo hiyo ikirudishwa hukazwa sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.