Day of the Outlaw

Day of the Outlaw (yaani "Siku ya Jambazi") ni filamu ya makauboi kutoka Marekani iliyotolewa mwaka 1959. Iliongozwa na André de Toth, mzaliwa wa Hungaria, na kusambazwa na kampuni ya United Artists. Mswada uliandikwa na Philip Yordan kutokana na riwaya ya Lee E. Wells. Waigizaji wakuu ni Robert Ryan, Burl Ives na Tina Louise. Muziki ulitungwa na Alexander Courage.

Muhtasari wa hadithi

Hadithi inatokea Bitters, kijiji kidogo cha Wyoming, wakati wa majira ya baridi. Mfugaji Blaise Starrett (Ryan) anagombana na mkulima Hal Crane anayetaka kuzungushia ardhi yake seng'enge. Isitoshe, Starrett anampenda Helen (Louise), mke wa Crane. Siku ya kupigana inafika. Chupa inaviringishwa juu ya kaunta ya baa. Ikianguka tu, bunduki zitalia. Kabla haijaanguka mlango unafunguliwa, na Jack Bruhn (Ives), ofisa wa zamani wa jeshi, anaingia na genge lake la majambazi.

Bruhn ana jeraha la risasi, na anayemtibu ni daktari wa mifugo. Amewakataza watu wake kunywa pombe na kuwagusa wanawake, nao wanamtii kwa kumwogopa. Hivyo usalama wa kijiji kizima unategemea uhai wa jambazi anayekaribia kufa. Starrett, aliyekuwa tayari kuua kwa faida yake, anajiona mwenyewe katika ukatili wa wageni hao. Anajitolea kuwaongoza kwenye njia ya mlimani ambayo anajua haipo.

Sifa za filamu

Filamu ilipigwa picha na Russell Harlan kwa rangi nyeusi na nyeupe, sehemu kubwa katika theluji halisi ya Oregon. Farasi wanaonekana wakihangaika kusonga mbele katika theluji nzito. Mwishoni hakuna shujaa anayeshinda kwa wepesi wa bastola, kwani baridi ndiyo inayowamaliza majambazi wabaya zaidi.

Ilipotoka haikuvuma, lakini baadaye wahakiki waliithamini. Inafaa kutazamwa na anayedhani filamu za makauboi ni za kufyatuliana risasi tu: swali lake ni nini kinachozuia uovu pale ambapo sheria haifiki.