Nani Alipie Majani ya Uani?

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, Salale kikiwemo, mnazi hauna cha kutupa. Makuti husukwa yakaezeka paa, makumbi hufukiwa matopeni hadi yatoe usumba wa kamba, vifuu huwa kuni. Majani ya mwembe huozea shambani na pumba huliwa na kuku. Ndiyo maana wazo la kaya kutoa fedha ili majani ya uani yakatupwe mbali ni geni huku. Kutozwa kwa kaya, hata hivyo, si jambo geni hata kidogo.

Wajerumani walitangaza kodi ya vibanda mwaka 1897 wakaanza kuikusanya 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni wengi waliilipa kwa nafaka au kwa kazi. Zama hizo hizo serikali ikaitwaa mikoko ya delta, na mkata boriti, ambaye wazee wake walipakia majahazi ya Arabuni, akatakiwa kulipia miti. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa mto, kodi ilikuwa miongoni mwa manung'uniko pamoja na pamba ya kulazimishwa. Waingereza nao wakatoza kodi ya kibanda na ya kichwa. Baada ya uhuru ikaja kodi ya maendeleo, na wako wanaume wanaokumbuka walivyokimbilia vichakani mgambo walipopita kuikusanya. Ilifutwa mwaka 2003. Kodi zote hizo mwananchi alilipa kwanza, kisha akangoja aone zimefanya nini.

Ada ya taka ni ya namna nyingine, maana mlipaji anaweza kusimama mlangoni akaona kama mzigo umeondoka. Dar es Salaam ndiyo iliyojifunza hilo kwa taabu. Serikali ilifuta halmashauri za wilaya mwaka 1972, na za miji zikafuata. Za miji zilirudi 1978 na za wilaya 1984, zikiwa hoi kwa fedha na vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji lilikadiriwa kuzalisha tani 1,400 za taka kwa siku, na zilizozolewa hazikufika asilimia 5. Nyingine zilifukiwa uani, zilichomwa, au zilitupwa mitaroni.

Hata hizo chache zilizozolewa zilimwagwa kwa majirani wa mtu. Wakazi wa Tabata waliishi na moshi, inzi na harufu ya dampo la jiji, na mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wakalishtaki jiji Mahakama Kuu. Walishinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi Jaji Lugakingira alipokataa mwaka 1991, akisema kwamba kuhatarisha uhai wa watu ni kuvunja ibara ya 14 ya Katiba. Naiona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa hukumu kubwa za nchi hii, na inastahili kufundishwa shuleni. Dampo lilihamia Vingunguti, ambako nako watu walikuwa wakiishi.

Mwaka 1993 jiji lilitunga sheria ndogo ya kuzoa taka na kutoza ada, na mwaka 1994 kampuni ya Multinet ikapewa kata za katikati ya jiji. Ilitakiwa kuzoa na kujikusanyia ada yenyewe. Wengi hawakulipa: walizoea kuwa kuzoa taka ni kazi ya jiji, na hawakuwa wameulizwa lolote. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la jiji, na Tume iliyoongozwa na Charles Keenja ikashika usukani. Kufikia mwisho wa muongo kazi ilikuwa imegawiwa kampuni nyingi na vikundi vya mitaa. Vikundi hivyo vilikuja na mikokoteni, vikaingia vichochoro visivyopitika kwa lori, na mwenye kudai ada alikuwa mtu anayefahamika mtaani. Kulipa kukawa rahisi zaidi, ingawa ugomvi wa ada haukwisha.

Jambo moja halikuguswa. Zaidi ya nusu ya taka za kaya mijini ni vitu vinavyooza: maganda, mabaki ya chakula, majani, matawi. Kaya inatozwa fedha ili mbolea ipakiwe kwenye gari na kupelekwa dampo. Uingereza wamelitenga hili: kanuni za mwaka 2012 zinaruhusu halmashauri kutoza ada ya pekee kwa taka za bustani, na asiyetaka kulipa hufanya mboji nyumbani.

Huku kwetu deltani, Kibiti sasa ni wilaya inayojitegemea, iliyomegwa kutoka Rufiji, na mji wake unakua kando ya barabara ya Kilwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu, kwa hiyo ada haikwepeki. Naiomba halmashauri ikitoza, itoze kwa plastiki, chupa, nepi na betri, vitu ambavyo kaya haiwezi kuvimaliza yenyewe. Majani na maganda yabaki uani, yakaoze kwenye shimo la mboji. Na mkokoteni utangulie kupita mtaani, risiti ifuate.