Uvimbe Umetolewa, Ubongo Unavimba

Mgonjwa aliyetolewa uvimbe kichwani hulazwa kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hali ikibadilika, ndugu huambiwa: “Kuna uvimbe kwenye ubongo.” Neno ni lilelile walilolisikia kabla ya upasuaji. Waelewe nini, kama si kwamba ugonjwa umerudi? Daktari alimaanisha jingine kabisa: ubongo umejaa maji. Istilahi moja tumeibebesha magonjwa mawili, na anayeumia ni ndugu.

Ugonjwa wa kwanza ni donge la seli zinazoota bila mpangilio. Wa pili ni maji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, au yanayojaa ndani ya seli zenyewe. Mtafiti Igor Klatzo alizitenganisha aina hizo mbili za kujaa maji mwaka 1967. Fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo maji hayo hupandisha shinikizo la kichwani, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama milimita 7 hadi 15 za zebaki. Ndiyo maana muuguzi harudi mara moja tu na tochi yake: mboni moja ikitanuka na isinywee kwa mwanga, huenda ubongo unasukumwa, na dakika zinahesabika. Kitanda huinuliwa upande wa kichwani kama nyuzi 30, na dawa ya manitoli huvuta maji yarudi kwenye damu. Donge haliondoki kwa manitoli.

Kwa hiyo naona “uvimbe” libaki jina la donge, na hali ya ubongo kujaa maji iitwe “kuvimba kwa ubongo”. Sarufi inatuunga mkono. Irabu -e mwishoni hutaja matokeo: aliyetumwa ni mtume, kilichoumbwa ni kiumbe. Uvimbe ni kitu kilichokwisha kuwapo, cha kukatwa na kutolewa. Kuvimba ni tendo linaloendelea, linaloweza kuzidi au kupungua. Wapo watakaosema muktadha unatosha. Kwa mguu uliotenguka, sawa. Hapa kiungo ni kimoja, mgonjwa ni mmoja, wiki ni ileile. Wengine watataka tutohoe tu, tuseme “edema”. Kwenye faili halina ubaya. Lakini ndugu anayepewa fomu ya idhini ili mgonjwa arudishwe kupasuliwa atauliza edema ni nini, na tusipokuwa na neno la pili, atajibiwa: ni uvimbe.