Mtumbwi na Ngalawa: Chombo cha Nyumbani katika Historia ya Waswahili

Historia ya Waswahili na bahari imezoea kuandikwa kwa kulifuata jahazi: dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, boriti za mikoko zilizopelekwa Ghuba, na pepo za kaskazi na kusi. Lakini jahazi lilihitaji mtaji, mafundi wengi na tajiri wa kulimiliki. Mvuvi wa kawaida alitegemea mtumbwi au ngalawa, chombo kilichochongwa karibu na nyumba yake kutokana na gogo la mti mmoja. Chombo hicho kimepewa nafasi ndogo katika maandishi, ilhali ushahidi wake ni wa kale mno.

Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unataja katika pwani hii mitumbwi ya gogo moja pamoja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Lugha nayo inatoa ushahidi wake. Neno kafi lina ndugu zake mbali kabisa na bahari: Waganda husema enkasi, na katika Kilingala ni nkai. Kwa upande mwingine, usukani na msumari ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Ni dhahiri, basi, kuwa wasemaji wa lugha za Kibantu walijua kupiga kafi katika mito na maziwa kabla ya baadhi yao kufika pwani, na kwamba ujuzi wa vyombo vikubwa ulijengwa juu ya msingi huo.

Ngalawa inaongeza sura nyingine. Huu ni mtumbwi uliofungwa matengo, yaani mbao za pembeni zinazouzuia usipinduke. Mwaka 1920 James Hornell alizihusisha ngalawa za Afrika Mashariki na zile za Madagaska, na mwaka 1959 A.H.J. Prins akalirejea suala hilo. Matengo ya pande mbili yameenea sana Indonesia, na lugha ya Kimalagasi ni ya ukoo wa lugha za huko. Wakomoro nao huiita galawa. Aidha, mwembe, ambao ndio mti unaopendwa kwa kazi hii, ulitoka Bara Hindi. Hivyo, chombo kinachoonekana kuwa cha kienyeji kupita vyote kimebeba ndani yake historia ya bahari nzima.

Uundaji wake haukuhitaji mchoro. Gogo liliangushwa, likachongwa umbo la nje, kisha likachimbwa kwa shoka na tezo ili lipungue uzito kabla ya kuburutwa hadi ufukweni. Unene wa ubavu ulipimwa kwa mkono na kwa jicho: ukiwa mzito, chombo hakiendi, ukiwa mwembamba, hupasuka. Matengo yalishikizwa kwa miti miwili iliyokingama juu ya chombo, ikafungwa kwa kamba. Fundo la kamba hulegea kidogo wimbi linapopiga, mahali ambapo kiungo kilichokazwa kwa msumari kingevunjika.

Ujuzi huo sasa umo hatarini. Magogo makubwa yamekuwa adimu, na katika sehemu nyingi za pwani vyombo vya mbao zilizounganishwa au vya faiba vinachukua nafasi ya vile vya kuchongwa. Chombo kinapoachwa, kijana hupoteza nafasi ya kushika tezo mbele ya mzee wake, na msamiati wa kazi hiyo hubaki bila msemaji. Kamusi huhifadhi neno tengo, lakini haielezi pembe ambayo ubao huo hutegeshwa majini wala sababu yake. Kwa hiyo taaluma ya Kiswahili inapaswa kuyakusanya maneno hayo pale kazi inapofanyika, kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe, wangali wanachonga.